Mahali hasa alipopatikana msipataje

Hongereni wahariri kwa habari mliyochapisha ya mjusi kafiri mpya aliyetambuliwa na watafiti. Kazi ya kumtambua si ndogo: kuhesabu magamba, kukagua vidole kwa darubini, kulinganisha vinasaba na vya jamaa zake, kisha kielelezo kihifadhiwe makumbusho. Ila nawasihi, msitu alimopatikana msiuchoree ramani, wakamataji wasije wakaufuata! Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, alielezwa kisayansi na mtaalamu wa wanyama watambaao, Loveridge, mwaka 1952. Baadaye wakamataji wakawa wanakata hata mikadi, mimea anamoishi, ili wamuuze ng'ambo, mpaka 2017 biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini ikapigwa marufuku. Sisi wa Muheza nasi tuna misitu ya Amani na Usambara hapo juu ya kulinda. Wanavijiji washirikishwe mapema, wao ndio huwaona wageni wanaoingia msituni.