Mtoto Anayeziba Masikio Darasani

Kila mwalimu wa darasa la kwanza au la pili anamfahamu mtoto huyu, hata kama hajui hali yake inaitwaje. Huziba masikio kengele inapogongwa, hulia mwenzake akimgusa mstarini, huvua sweta linalomwasha katikati ya somo, au, kinyume chake, hawezi kukaa kwenye dawati dakika tano bila kujibamiza na kuwasukuma wengine. Wataalamu husema ubongo wake unapata ugumu kupokea na kupanga taarifa zinazoletwa na milango ya fahamu, hali ambayo kwa Kiingereza huitwa “sensory processing disorder”. Shuleni huitwa mtundu, mdekaji au mwenye kiburi. Jina hilo lina uzito, kwa sababu kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi achapwe viboko visivyozidi 4, kwa idhini ya mwalimu mkuu, pale anapohesabiwa kuwa amevunja nidhamu vibaya.

Wanaoitilia shaka hali hii wana hoja za kweli. Nadharia yake ilijengwa na Jean Ayres, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1972. Lakini mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, haukuitambua kuwa ugonjwa unaojitegemea, ingawa uliiweka miongoni mwa dalili za usonji (autism). Mwaka mmoja kabla, chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kiliwashauri wanachama wake wasiitumie kama utambuzi, kikasema ushahidi wa tiba zake bado ni haba. Blanketi zito, linalouzwa kwa bei kubwa kwa madai kwamba humtuliza mtoto, lilipojaribiwa Uingereza kwa watoto 67 wenye usonji, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba halikuwaongezea muda wa kulala, japo watoto na wazazi walilipenda. Mzazi wa kipato cha kawaida ana haki ya kuambiwa hayo kabla hajakopa fedha.

Hata hivyo, hoja hizo zinagusa jina la hali na tiba zinazouzwa kwa jina hilo. Hazisemi kwamba mtoto hasikii anachokisikia. Hapo ndipo mjadala unapopotea njia, kwa sababu tunabishana kama ugonjwa upo vitabuni wakati swali la mwalimu ni dogo zaidi: je, darasa hili linavumilika?

Wamarekani wana kiwango cha mwaka 2002 kinachotaka kelele ndani ya darasa la kawaida, likiwa tupu, zisizidi desibeli 35, na mwangwi uwe umefifia katika muda wa sekunde 0.6. Neno la kutazamwa hapo ni “tupu”. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana hufika desibeli 60 hivi, na kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nishati ya sauti mara 10. Sasa fikiria chumba chenye sakafu ya saruji, bati lisilo na dari, madirisha ya nondo, na jirani yake darasa zima linaloimba jedwali la kuzidisha. Serikali ya Tanzania inalenga mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 shule nyingi zimeupita uwiano huo kwa mbali. Mvua kubwa ikinyesha juu ya bati hilo, mwalimu huweka chaki chini na kusubiri. Hakuna anayesema darasa limedekezwa; wote wanakubali kwamba akili haiwezi kufanya kazi ndani ya kishindo kile. Kwa mtoto tunayemzungumzia, masika hayo hayana msimu.

Inasemekana kumpa nafasi ya pekee ni kuwaonea wengine. Sijashawishika. Kumhamisha kutoka mlangoni, kumwambia mapema kwamba kengele inakaribia, au kumtuma apeleke madaftari ofisini anapoanza kuchemka, hakumpunguzii mwenzake kitu, wala hakuhitaji cheti cha daktari. (Mwenye miwani hukaa mbele na hakuna anayenung’unika.) Ninachokubali ni kwamba tahadhari inahitajika: mtoto anayevaa viziba masikio kutwa nzima anaweza kuzidi kuogopa sauti, hivyo viwe vya nyakati ngumu tu, na anayejiumiza au asiyeongea apelekwe kwa wataalamu badala ya kuachiwa mwalimu mwenye wanafunzi 90.

Mwalimu huyo anaweza kuanza na daftari. Badala ya kuandika “msumbufu”, aandike saa, mahali na kilichotangulia. Mchakamchaka wa asubuhi, kengele ya mapumziko, msongamano wa foleni ya uji, harufu ya choo upepo unapogeuka: baada ya wiki mbili huenda akakuta kwamba makosa yote ya mtoto yamefuata ratiba ya shule, na kwamba saa ya kuchora, darasa linaponyamaza, jina lake halimo.