Mji wa Pwani Uchaguliwe kwa Ajili ya Atakayebaki

Wanandoa wanaopanga kustaafia ng'ambo, karibu na bahari, huchagua mahali wakiwa wawili. Hutembea ufukweni wawili, hukagua nyumba wawili, hupiga hesabu ya pensheni mbili. Lisilosemwa ni kwamba mmoja wao atamalizia maisha yake pale peke yake, pengine kwa miaka miwili, pengine kwa kumi na mitano. Naamini mji unapaswa kuchaguliwa kwa macho ya huyo atakayebaki.

Najua mazungumzo haya ni mazito. Wengi huyaona kama kujitabiria msiba, basi huyaahirisha mpaka mkataba wa nyumba umekwisha kutiwa saini. Lakini ukiyaanza mapema, karibu kila kitu hubadilika sura.

Chukua ile nyumba ya mlimani inayoona bahari yote. Kwa watu wawili, mmoja akiwa dereva hodari, ni ndoto. Kwa mtu mmoja mwenye miaka themanini, asiyeona vizuri usiku, ni mahali pa kufungiwa. Mimi ningechagua nyumba ya kawaida mitaa miwili mitatu nyuma ya ufukwe, katika mji wenye wenyeji wake, ambako duka la dawa, soko na kituo cha basi vinafikiwa kwa miguu. Tena hewa ya chumvi hula bawaba, nondo na viyoyozi. Nyumba iliyo ukingoni mwa maji inadai fundi kila mara, na kusimamia fundi ni kazi.

Halafu kuna msimu. Ipo mitaa mingi ya likizo katika Algarve ya Ureno na Costa Blanca ya Hispania ambayo Agosti hujaa watu na Januari hubaki madirisha yaliyofungwa. Nyumba nyingi huko zilijengwa kwa ajili ya kiangazi, na baridi yake ya ndani huwashangaza wageni. Wawili wataivumilia wakicheka. Mtu mmoja katika jengo ambalo taa yake ndiyo pekee inayowaka ana hali nyingine kabisa. Kwa hiyo, ukitaka kuujua mji, nenda wakati ambapo hakuna anayeutangaza.

Kuhusu hospitali watu huuliza, na wanafanya vema. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa aliyepatwa na kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, basi umbali una maana. Ila saa hizo huanza kuhesabiwa mtu anapoanguka, si jirani anapobisha hodi kesho yake asubuhi. Ndiyo maana naweka majirani wanaoishi pale mwaka mzima sawasawa na hospitali. Wamarekani wakumbuke pia kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, kwa kawaida, hailipii matibabu nje ya nchi yao.

Penye hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye karatasi. Kibali cha ukaazi mara nyingi hutolewa kwa mwenye pensheni, na mwenzi huingia chini ya mwavuli wake. Mwenye pensheni akifariki, mwenzi anasimama kwa haki gani? Swali hilo liulizwe kwa mwanasheria kabla ya kuhama. Nyumba nayo ina mambo yake. Thailand mgeni hawezi, kwa kawaida, kumiliki ardhi. Anaweza kumiliki fleti katika jengo la kondominiamu, yaani lile ambalo kila fleti ina mwenyewe, mradi sehemu ya wageni isizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo hilo. Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, mgeni hushika nyumba kupitia mkataba uitwao fideicomiso, ambamo benki hushika hatimiliki kwa niaba yake, wa miaka 50 inayoweza kuongezwa, na ndani yake huandikwa jina la atakayerithi. Mstari huo mmoja ukiachwa wazi, mfiwa huachiwa usumbufu mkubwa.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 17 Agosti 2015, mirathi kwa kawaida hufuata sheria ya nchi aliyokuwa akiishi marehemu, isipokuwa aliandika katika wosia wake kwamba anachagua sheria ya nchi ya uraia wake. Denmark na Ireland hazimo katika utaratibu huo. Kwa kuwa baadhi ya nchi, Ufaransa na Hispania zikiwemo, huwatengea watoto sehemu ya urithi kisheria, mume au mke anaweza kukuta nyumba aliyodhani ni yake yote ina washirika.

Fedha pia huzeeka. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa wanaoishi Umoja wa Ulaya au Marekani. Kwa wanaohamia Thailand, Kanada au Australia hubaki pale pale ilipokuwa. Pengo hilo ni dogo mwaka wa pili, na ni kubwa mno mwaka wa ishirini, ambao ndio mwaka wa yule aliyebaki.

Na bahari yenyewe ina siku zake. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilikua kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5, la juu kabisa, kwa muda wa takriban siku moja, kisha kikaupiga usiku mji wa Acapulco, pwani ya Meksiko. Majengo marefu ya ufukweni yalipoteza vioo na umeme. Lifti isiyofanya kazi, ghorofa ya kumi na mbili, mtu mzee peke yake: picha hiyo ningeibeba kila ninapooneshwa fleti ya juu.

Ningewasihi wanandoa wafanye jambo moja kabla ya kuamua. Wapange nyumba pale kwa miezi miwili nje ya msimu, na kwa wiki moja yule anayeijua lugha akae ndani. Yule asiyeijua, asiyeendesha gari, asiyeshika hesabu za nyumba, ndiye aende benki, ofisi ya uhamiaji na kwa daktari, peke yake. Jioni akirudi, asikilizwe mpaka amalize.