DNSChanger: FBI walifanya sawa kuwabeba wenye virusi, au wangekata neti siku ile ile?

Watu wengi wakisikia kompyuta ina virusi wanawaza mafaili kupotea au mashine kuwa nzito, sasa kuna aina nyingine ambayo haigusi faili lako hata moja, inabadilisha namba mbili tu kwenye settingi za mtandao alafu inakaa kimya. DNSChanger ndo mfano mkubwa wa hii kitu na ubishi wake kwangu haujaisha mpaka leo, maana walichofanya FBI baada ya kuwadaka wahusika wapo wanaokisifia na wapo wanaosema kilichelewesha tiba.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Ukiandika jina la tovuti kompyuta haijui hiyo tovuti iko wapi, inauliza seva ya DNS, inapewa anuani ya namba, ndo inaenda. Ni kama umeshuka stendi unamuuliza mpiga debe basi la Moro liko wapi, ukikutana na mkweli unapanda basi lako, ukikutana na mwenye njaa anakusukumia kwenye basi la aliyemlipa. DNSChanger kazi yake ilikuwa kuondoa seva ya DNS ya kampuni yako ya intaneti na kuweka ya wezi waliotengeneza virusi. Na mlango wa kuingilia ulikuwa wa kawaida kabisa, unataka kuangalia video, unaambiwa pakua kodeki kwanza (kiprogramu cha kufungulia video), unapakua, kwisha habari yako. Windows ilipigwa na Mac nayo ilipigwa (wale wa "Mac haishiki virusi" hapa pitieni taratibu).

Nyuma ya mchezo kulikuwa na kampuni ya Estonia inaitwa Rove Digital chini ya jamaa anaitwa Vladimir Tsastsin. Kuanzia 2007 mpaka 2011 walishika kompyuta kama milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100 na wakavuna si chini ya dola milioni 14, nyingi kwa ujanja wa matangazo tu, yani unabofya linki ya iTunes unatua kwenye duka lisilohusiana na Apple, au unafungua tovuti ya maana matangazo yake yameshatolewa yamewekwa ya kwao. Novemba 2011 Waestonia sita wakakamatwa, oparesheni ikapewa jina Ghost Click, na Tsastsin mwenyewe akaja kufungwa Marekani 2016, miaka saba na miezi mitatu.

Sasa utata ndo unaanzia hapa. Zile seva za wezi FBI wangezizima siku ile ile, mamilioni ya watu wangeamka asubuhi hawana intaneti na hawajui kwanini, kwasababu kompyuta zao bado zingekuwa zinauliza seva ambayo haipo. Kwahiyo wakaenda mahakamani New York, wakapata amri, shirika lisilo la faida linaitwa ISC likapewa kazi ya kuweka seva safi kwenye anuani zile zile za wezi. Mtu mwenye virusi akawa anaendelea kuperuzi kama kawaida na sasa anapelekwa kwenye tovuti za kweli. Mwisho ulipangwa Machi 8, 2012, watu wakawa bado hawajasafisha mashine, ikasogezwa mpaka Julai 9.

Wanaotetea wana hoja nzito na siwezi kuibeza. Aliyeambukizwa hajaiba kitu, ni muhanga, na huwezi kumwadhibu muhanga kwa kosa la mwizi. Alafu ukimkatia neti umemkatia na njia ya kujitibu, atapakulia wapi hiyo programu ya kusafisha? Hapo kuna maofisi, kuna biashara, kuna mzee aliyenunuliwa kompyuta na mjukuu wake na hajui hata DNS ni mdudu gani.

Upande wa pili nao una point ambayo mimi naiona kali zaidi. Seva zilisafishwa, kompyuta hazikusafishwa. Na hii DNSChanger ilikuwa inazuia mashine isipate apdeti za Windows wala za antivairasi, maana yake kompyuta imekaa miaka mlango wazi na pengine ina wadudu wengine kibao ambao FBI hawana habari nao. Mwenye mashine haoni dalili yoyote, neti inapita freshi, atashtukaje? Kuna na wale wa faragha wanaouliza, leo polisi wamesimamia seva inayojua unatembelea tovuti gani, kesho watasimamia nini? Hii hoja wakati ule ilionekana ya watu wa njama ila 2021 FBI wakaingia mpaka ndani ya seva za Exchange, zile za barua pepe, za makampuni ya watu, kwa kibali cha mahakama, wakafuta vitu vya wadukuzi bila kuwauliza wenyewe kwanza. Kwahiyo mlango ulifunguka kweli, kama ni kwa uzuri au ubaya hiyo nyingine.

Mimi nasimama wapi? Kuweka seva safi ilikuwa sawa, kukaa miezi yote hiyo bila kumsumbua mtumiaji ndo sikubaliani nako. Wangeweza kuzima saa moja kila wiki, au kumleta kila mtu kwenye ukurasa unaosema mashine yako ina tatizo fanya hivi na hivi. Najua jibu lake, kwamba ujumbe wa "kompyuta yako ina virusi" ndo huo huo wanaotumia matapeli kuuza antivairasi feki, na ni kweli kabisa, Google walipoanza kuuonyesha juu ya majibu ya utafutaji Mei 2012 wapo waliodhani nao ni utapeli. Lakini bora mtu ashtuke aulize kuliko asijue kabisa. Mpaka Julai 9 inafika bado kulikuwa na mashine zaidi ya laki mbili, na baadhi ya makampuni ya intaneti yakaamua kuwabeba tena wateja wao kwa seva zao wenyewe, ndo maana ile siku iliyotangazwa kama kiama cha intaneti ikapita kimya.

Kuhusu kujicheki, zilikuwepo tovuti za kupima, ukifungua rangi kijani uko safi, nyekundu umeumia. Tatizo kama kampuni yako ya intaneti inageuza maswali yako ya DNS kimya kimya unapata kijani na virusi unavyo. Kwahiyo mimi naamini zaidi kuangalia kwa macho. Kwenye Windows fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri), andika ipconfig /all, shuka mpaka mstari wa DNS Servers. Enzi zile ukikuta namba kati ya 85.255.112.0 na 85.255.127.255 ulijua umepigwa, hiyo ilikuwa moja ya safu zao, leo usikariri hizo namba, cha kujiuliza ni kama unaijua namba unayoiona. 8.8.8.8 ni ya Google, 1.1.1.1 ni ya Cloudflare, nyingine piga simu uulize kampuni yako.

Na hapa wengi wanaishia njiani. Unakuta imeandikwa 192.168.1.1, unafurahi, kumbe hiyo ni ruta yako, maana yake kompyuta inaiuliza ruta na ruta ndo inauliza huko nje. DNSChanger ilikuwa inaingia na kwenye ruta kwa kujaribu paswedi za kiwandani, ikifanikiwa kila simu na kila laptop humo ndani inaelekezwa vibaya hata ukipiga windo upya mara kumi. Ingia kwenye ruta yenyewe kwa brauza, angalia sehemu ya WAN (upande wa intaneti) na ya DHCP (inayogawa settingi kwa vifaa vya ndani), soma DNS iliyowekwa. Kama unaingia kwa admin na admin vile fundi wa faiba alivyoiacha, badilisha leo leo. Hii sio historia, Januari 2023 Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walitoa ripoti ya kundi la wadukuzi la Roaming Mantis, apu yao mbovu ya Android ilikuwa ikiunganika na waifai inabadilisha DNS ya ruta, walengwa Korea Kusini, ina maana mgeni mmoja tu mwenye simu mbovu akija kwako ukampa paswedi ya waifai anatosha. Na ukishasafisha kwa antivairasi usidhani namba zinarudi zenyewe, mara nyingi inabaki ile ile ya mwizi mpaka uirekebishe kwa mkono, kwenye kompyuta na kwenye ruta, alafu kwenye cmd upige ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani ya DNS.