Baada ya risasi kila mtu alikuwa anajua

Juzi usiku hapa Shela, Malindi, tumekaa barazani na kahawa yetu, kijana mmoja akatoa simu atuonyeshe vidio ya Marekani, mtu ameua watu kwa bunduki, yale yale tu, polisi wamejaa, watu watoka na mikono juu, jirani ahojiwa asema alikuwa mtu mpole hana neno na mtu. Kesho yake vidio nyengine, mwalimu wake wa zamani, shemeji yake, mtu waliyefanya kazi pamoja, wote sasa wasema dalili zilikuweko. Ami mmoja pale akauliza, hivi hawa Wazungu na makamera yao yote walishindwaje kumuona? Mwengine akamjibu bila hata kuinua kichwa, na sisi Shakahola, huo msitu wa jirani walikofukuliwa wafuasi wa mhubiri waliofunga mpaka kufa, tuliona?

Basi hapo ndo ikaanza, mpaka saa tano za usiku watu hawajarudi majumbani.

Nimelala na hilo suala manake naona twachanganya vitu viwili. Kuna historia ya mtu, alizaliwa wapi, babake alikuwa mlevi, alikuwa hana marafiki, alikuwa apenda kukaa peke yake. Na kuna jambo ambalo mtu alilifanya au alilisema mbele ya watu, na mtu akenda kulisema mahali. Watu wakianza kuchambua muuaji hukimbilia hilo la kwanza kwa sababu ni tamu kama hadithi, la pili ni makaratasi na simu za ofisini, halina ladha. Lakini ukitaka kujua maiti zilitoka wapi angalia makaratasi.

Chukua Lewiston, mji mdogo jimbo la Maine huko Marekani. 25 Oktoba 2023 mwanajeshi wa akiba, mtu wa miaka 40, aliingia pale watu wanapocheza bowling, akatoka akenda kwenye baa, akaua watu 18, mdogo wao mtoto wa miaka 14. Jina lake silitaji, nitasema baadaye kwa nini. Sasa hesabu nami. Mwezi wa tano mwaka huo huo mtoto wake na mama wa mtoto, waliyekwisha achana, walimwambia ofisa wa sherifu, yaani polisi wa eneo lao, kwamba mtu wao asikia watu wamtukana na hawapo, na ana bunduki nyingi. Mwezi wa saba alipokuwa mazoezini jeshi lenyewe likamuona hayuko sawa, akalazwa hospitali ya akili wiki mbili. Mwezi wa tisa rafiki yake wa jeshini, ambaye alikuwa amepigwa ngumi naye ndani ya gari, alimtumia mkubwa wao meseji kwamba huyu ataruka kichwa na atakwenda kuua watu kwa mkupuo. Haikuwa fumbo wala ndoto, alisema hivyo hivyo. Ofisa akenda nyumbani kwake, akabisha, akasikia mtu anatembea ndani, hakufunguliwa, akaondoka. Wiki sita hazikufika.

Tume huru iliyochunguza ilitoa ripoti yake ya mwisho Agosti 2024 ikasema waziwazi kuwa ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha za kumshika na kuanza utaratibu wa kumnyang'anya bunduki, na jeshi la akiba nalo likalaumiwa. Maine walikuwa na sheria waiita bendera ya njano, polisi amshika mtu kwanza, halafu mtaalamu wa afya ampima, halafu hakimu aamua kama silaha zitolewe. Yaani mlango ulikuweko, na ufunguo ulikuweko.

Lakini mazungumzo ya watu yalikwenda wapi? Yalikwenda kwenye ubongo. Jamaa alikuwa amefundisha wanajeshi kurusha guruneti miaka mingi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston wakaupima ubongo wake wakaona umeumia, basi watu wakabishana miezi, ni mishindo ya guruneti ama si guruneti. Mimi sisemi hilo halina maana, kwa wanajeshi wengine wanaofanya kazi ile lina maana sana na wafaa wapimwe. Lakini yule rafiki aliyetuma meseji hakuwa daktari wa ubongo! Alichojua ni kwamba mtu huyu amempiga, asema ataua, na silaha anazo. Hayo matatu yalitosha.

Na si Lewiston peke yake. Parkland, Florida, 14 Februari 2018, wanafunzi na wafanyakazi wa shule 17 waliuawa, na tarehe 5 Januari mwanamke mmoja alikuwa ameshawapigia FBI, wapelelezi wa serikali yao, simu kuwaeleza habari za kijana huyo na bunduki zake. FBI wenyewe walikiri simu ile haikufikishwa ofisi ya Miami iliyofaa kuifuatilia. Ilifia mezani.

Sasa nije upande wa pili, manake wale wanaosema "dalili, dalili" wana jibu rahisi mno, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka niliposoma habari za Christchurch. 15 Machi 2019, New Zealand, mtu aliingia misikiti miwili siku ya Ijumaa akaua Waislamu 51. Sisi hapa Pwani tuliuma sana, khutba za wiki ile zote zilikuwa ni hilo. Na tukasema kwa uhakika kabisa, ah, walijua, walinyamaza kwa kuwa ni Mzungu. Tume ya Kifalme ya kule ikachunguza zaidi ya mwaka mzima, ikawakosoa polisi kwa namna walivyompa leseni ya bunduki na ikaikosoa serikali kwa kuelekeza macho yote kwa Waislamu, hapo tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kwenye hilo la kujulikana mapema tume ilisema hakukuwa na njia ambayo vyombo vya usalama vingemgundua ila kwa bahati tu. Barua pepe aliyoituma bungeni ilifika dakika nane kabla hajaanza. Hata ile siku aliyojijeruhi kwa risasi nyumbani mwaka 2018 akenda hospitali, haikufika kwa polisi. Alikuwa mtu wa kukaa kimya, hana rafiki wa kumuulizia wala jirani wa kumjua. Kwa hivyo wapo ambao kweli hawaonekani, na mtu akikwambia kila muuaji aliacha alama huyo akudanganya.

Na mbaya zaidi, ukitafuta watu wa kukaa kimya utawapata elfu. Hata Secret Service ya Marekani, hao walinzi wa rais ambao wana kitengo kizima cha kusoma mashambulizi haya, wamesema mara nyingi kwamba hakuna sura moja ya muuaji, hakuna orodha ya sifa utakayoipitia ukamkamata. Mwaka 2021 walitoa ripoti ya njama 67 za kushambulia shule ambazo zilizuiwa, na kilichoziokoa shule zile mara nyingi ni kwamba mpangaji alimwambia mtu, na yule mtu akenda akasema. Maneno na vitendo. Si kwamba alikuwa avaa nguo nyeusi au hapendi kucheza mpira.

Hili twalijua sana sisi, kuliko hao wa Marekani. Mpeketoni ilipopigwa Juni 2014 wakafa watu zaidi ya 60, Al-Shabaab wakasema ni sisi, serikali ikasema ni siasa za hapa hapa, wananchi wakabaki katikati. Ikaja kafyu Lamu nzima, usiku hutoki, na mtu wa Lamu asiyetoka usiku avue saa ngapi? Miezi ile wavuvi walikaa na nyavu zimekauka. Ikawa kijana wa Kiislamu mwenye ndevu na suruali fupi ni dalili. Kusoma Uarabuni ni dalili, kutopiga soga na watu ni dalili. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana mmoja, mamake alikuwa amekufa, akawa hasemi na mtu, ajifungia chumbani atengeneza maredio mabovu. Mtu akanong'ona, kijana akachukuliwa alfajiri, akarudi siku ya nne, na tangu hapo hata salamu hupokea akitazama chini. Waliomnong'ona ni majirani na mpaka leo wasema walifanya vizuri, bora tahadhari. Tahadhari ya nini? Walichokiona pale ni msiba.

Ndo nasema wanaoogopa hili neno "dalili" wana haki yao. Hapa kwetu ukimtoa mtu jina hujui atarudi akiwa vipi.

Lakini sasa mbona kinyume chake pia ni kweli? Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 wameuawa chuoni, mmoja wa washambuliaji akajulikana kuwa ni kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kule Mandera. Nyote mnaikumbuka ile picha yake na tai. Watu wakashangaa, msomi, mtoto wa chifu, vipi tena, wakaanza kuchimba historia yake shuleni. Lakini jambo lililonikaa mimi ni jengine, babake alikuwa ameshakwenda kuripoti kwa serikali kwamba mwanangu amepotea na naogopa ameingia Somalia. Baba mzazi! Mzee ameumeza uchungu wake wote akenda kumtaja mwanawe, afanye nini zaidi?

Na Shakahola, hapo hapo barabara ya kwenda Tsavo, maiti zilikuja mochari ya mji huu mpaka ikabidi makontena ya baridi yaletwe. Tulisema hatukujua. Tulijua nini na hatukujua nini? Mhubiri Mackenzie alikamatwa 2017, kesi ya mahubiri yenye itikadi kali ikashindwa, 2019 akafunga kanisa hapa mjini akaingia msituni. Machi 2023 akakamatwa tena kwa vifo vya watoto wawili walioachwa na njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata wakaanza kufukua, mpaka miili ikapita 400. Yeye alikana mashtaka. Ila Tume ya Haki za Binadamu ya taifa ilipotoa ripoti yake 2024 iliwalaumu maofisa wa usalama wa hapa kwamba taarifa walizipata na hawakuzifanyia kazi. Watu walikwenda kusema. Wengine walikuwa ni jamaa za waliopotea, wametoka bara huko wamelala kwenye mabasi ili waje waseme.

Nawajua watu wataniambia mambo ya mhubiri na mtu wa bunduki si sawa. Sawa, si sawa. Lakini njia ambayo habari hupita ni ile ile, mtu aliye karibu aona, aogopa, mwisho ajikaza akenda kusema, na yule aliyeambiwa aona ni kazi ya mwenzake.

Hata hapa kwetu wenye bunduki kihalali wako. Disemba 2021 polisi wa Kabete, Nairobi, alimuua mkewe na watu wengine kadhaa kisha akajiua, na bunduki aliyotumia ni ya kazi, alipewa na serikali. Kwa watu kama hao, afya ya akili wala si mambo ya kunong'onezana mtaani, ni kazi ya mkubwa wake kumuuliza, na kuichukua ile silaha mpaka apone, bila kumfukuza na bila kumuaibisha. Tukimfanya mgonjwa ni muuaji anayesubiri siku yake hatokwenda kwa daktari kabisa, na wagonjwa wengi hawajamgusa mtu hata kwa kofi.

Nilisema nitaeleza la jina. Yule waziri mkuu wa New Zealand wa wakati ule, Jacinda Ardern, alisimama bungeni akasema jina la muuaji halitatoka kinywani mwake. Wengine wasema ni upuuzi, habari ni habari, watu wana haki kujua ni nani. Naona jina liandikwe kortini na kwenye ripoti za tume, huko ndo mahali pake. Ila picha yake na utoto wake kuzunguka kwenye simu zetu wiki nzima hakumfunzi mtu kitu, na wako vijana wanaozitazama zile picha kwa jicho jengine. Mhubiri wa hapa nimemtaja kwa kuwa hata mtoto wa chuoni Malindi alijua, kuficha hapo ni mzaha.

Kwa hivyo nikiulizwa niko upande gani niko na wanaotaka watu waseme, lakini waseme kitendo: ametishia, ametaja mahali, ana silaha, anazuia watoto kula. Tabia yake ya kimya muachieni. Na anayepokea aandike. Hapa ukenda kituoni swali la kwanza ni "na wewe umejuaje", la pili ni kama una hela ya mafuta ya gari lao, na ukitoka umepewa OB namba, ile ya daftari la matukio la polisi, kwenye kijikaratasi basi umebahatika. Ile namba ndo kila kitu, manake kwa namba unaweza kurudi Jumatatu ukauliza mumefikia wapi. Yule rafiki wa Lewiston angekuwa na mahali pa kuuliza hivyo. Baba wa Garissa vilevile.

Halafu 2025 wakafukua tena, Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, miili zaidi ya 30. Miaka miwili baada ya Shakahola. Ami wa barazani nilipomkumbusha hilo jana hakuzungumza habari za dalili tena, aliuliza tu, safari hii ni nani alikwenda kuripoti, na aliambiwa nini?