Brook aliitupa au Siraj aliichukua? Ile Testi ya Oval bado inatugawanya hapa Ngara

Ile wikendi Nairobi yote ilikua inaongea kitu moja tu, bao la Austin Odhiambo dhidi ya DR Congo pale Kasarani kwenye CHAN, Agosti 3, 2025, na mimi pia nilishangilia mpaka sauti ikaisha. Lakini jioni hiyo hiyo sisi wachache wa kriketi tulilala na hesabu ingine kichwani: Uingereza ina mikimbio (alama) 339 kwa wiketi 6, yaani wachezaji 6 kati ya 10 wameshatolewa, inataka 374, imebakisha 35 kuipiga India kwenye Testi (kriketi ndefu ya siku 5) ya mwisho kati ya 5 pale Oval, London, na mvua pamoja na giza vimesimamisha mchezo. Jumatatu saa saba mchana saa za huku tukajibana kwa duka ya rafiki yetu Ngara, watu watano simu moja. Mipira 53 tu na mechi ikaisha, India wameshinda kwa mikimbio 6, ushindi mwembamba kuliko wote wamewahi kupata kwa Testi. Tangu hiyo siku hatujakubaliana.

Upande mmoja kuna mzee wetu, tunamwita Anko, amecheza kriketi ya klabu hapa Nairobi toka ujana wake, na yeye anasema hiyo mechi haikushindwa na bola (mtupaji) yeyote, ilitupwa na batisman (mpigaji). Uingereza ilikua 301 kwa 3. Batisman wao Harry Brook ana 111 kwa mipira 98, mwenzake Joe Root amesimama upande ule mwingine anakaribia mia yake, wamejenga 195 pamoja, imebaki 73. Sasa mtu wa hivyo anamtokea Akash Deep, bola wa India, mbio, anapiga kwa nguvu zote, bat inamtoka mkononi inaruka huko na mpira unaenda hewani unadakwa, kwisha. Kuanzia na yeye, wiketi 7 zikaenda kwa mikimbio 66. Anko anauliza swali moja na analirudia kila tukikutana: ile haraka ilikua ya nini, kwani kulikua na basi la mwisho?

Ni swali nzuri na siwezi kumpuuza. Testi ni siku 5, wakati ulikuwepo. Lakini pia lazima tuwe wa haki kwa Brook. Pale Oval hakuna timu imewahi kufukuza zaidi ya 263 ikashinda, na hiyo 263 ni ya Uingereza wenyewe mwaka wa 1902. Sasa hawa walikua wanafukuza 374. Wakati Brook anaingia timu ilikua 106 kwa 3 na kila mtu alikua ameshaihesabia India. Ni ile ile haraka yake ndio ilifanya tuamini 374 inawezekana, alivuruga mabola, akafanya wasijue watupie wapi, kwa hivyo huwezi kuchukua ile 111 ukaisifu halafu ule mpira wa mwisho ukautenga kama umechezwa na mtu mwingine. Mkono ni ule ule. Mimi naumia zaidi na Jacob Bethell, batisman aliyemfuata, aliyekaa mipira 31 akapata 5, mpaka presha yote ikapanda tena, halafu akajaribu kujitoa kwa nguvu, bola wa India Prasidh Krishna akambouli (mpira ukagonga stampu, vile vijiti nyuma yake), na mikimbio 5 baadaye Root naye akaenda kwa 105.

Upande wa pili kuna kijana anayefundisha watoto wikendi, yeye anabouli, na kwake hii mechi ni ya Mohammed Siraj, bola wa India, kutoka juu mpaka chini. Anaanza na zile tarakimu: wiketi 9 kwa mechi, wiketi 5 kwa mikimbio 104 kwa ile ining (zamu ya kubati) ya mwisho, wiketi 23 kwa msururu mzima, ova 185.3 (ova moja ni mipira 6) ndani ya Testi 5 bila kukosa hata moja, na hapo Jasprit Bumrah, bola wao mkubwa, hakucheza hiyo mechi ya mwisho kwa hivyo mzigo wote ulikua wake. Lakini si hizo tarakimu zinazomfanya aongee mpaka asimame. Ni kwamba siku ya nne Siraj huyo huyo alishika kechi ya Brook kwenye baundari (mpaka wa uwanja), Brook akiwa na 19 tu, halafu akarudi nyuma akakanyaga kamba, ikawa mikimbio sita. Brook akaongeza 92 baada ya hapo! Na wiki tatu kabla, kwenye Testi ya uwanja wa Lord's, ni Siraj alikua batisman wa mwisho wa India, mpira akauzuia vizuri tu, ukabingirika ukarudi kugusa stampu, India ikapoteza kwa 22. Mtu amebeba hayo mawili, halafu asubuhi ya siku ya tano, miguu imechoka, anamtoa Jamie Smith, anamtoa Overton, na anamaliza na yoka (mpira unaotua miguuni) iliyong'oa stampu ya Atkinson.

Kitu kimoja watu hawakukizungumzia sana ni ule mpira wenyewe. Ova 80 zilipofika India wangeweza kuchukua mpira mpya, na wengi tungechukua mbio. Hawakuchukua. Ule mpira mzee ulikua bado unapinda chini ya mawingu wakaendelea nao, na ni kwa huo Atkinson alitoka. Hiyo ni akili ya mabola, si bahati.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Chris Woakes, bola wa Uingereza, alianguka akaumia bega siku ya kwanza kabisa, kwa hivyo India walipobati mara ya pili Uingereza ilikua na bola mmoja pungufu na wale watatu wengine wakachoka sana, ndio unaona mmoja wao, Josh Tongue, anapata wiketi 5 lakini kwa 125. Na walidondosha kechi nyingi, batisman wa India Yashasvi Jaiswal hakupata ile 118 kwa mara moja. Woakes mwenyewe akaingia mwisho mkono umefungwa ndani ya sweta, anakimbia huku uso umekunjamana na hakupata mpira hata mmoja wa kucheza. Pale dukani hakuna mtu aliongea.

Sasa mimi msimamo wangu. Niko na kijana, lakini kwa sababu yangu, na Anko hajaijibu mpaka leo. Angalia ile 396 ya India kwa ining yao ya pili vizuri. Akash Deep ni bola, aliingizwa jioni ya siku ya pili kuwakinga mabatisman wa ukweli wasitoke gizani, akakaa mpaka 66. Halafu Washington Sundar, anayejulikana kwa spini (kubouli mipira ya kuzunguka), akabaki na mtu wa mwisho, Prasidh, na hao wawili wakaongeza 39. Unajua Prasidh alipata ngapi kwa hizo 39? Sufuri. Alisimama tu asitoke, Sundar akapiga zote mpaka 53. Mechi imeamuliwa na 6! Toa hizo 39 na Uingereza imeshinda ikiwa bado na wiketi 5 mkononi. Kwa hivyo hata ukisema ni kubati ndio kuliamua, waliobati pale palipohitajika ni wale tunaowaita mkia, wanaobati mwisho. Na ukiangalia tuzo, Siraj alipata ya mechi, lakini za msururu zikaenda kwa Shubman Gill wa India aliyepata mikimbio 754, na kwa Brook. Sawa, 754 ni nyingi ajabu, lakini kwa msururu ulio na mikimbio zaidi ya 7,000 mimi naona wiketi ndio ilikua kitu adimu.

Sisi Wakenya tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Kombe la Dunia 2003, Durban, Australia walitushinda lakini mchezaji bora wa mechi alikua Aasif Karim, wiketi 3 kwa mikimbio 7 ndani ya ova 8.2, nahodha wao Ponting akiwa mmoja wa aliowatoa. Mwaka huo huo pale Gymkhana, Nairobi, Collins Obuya alichukua 5 kwa 24 tukaipiga Sri Lanka. Mabola hao! Hadhi ya Testi hatujawahi kupewa, hata ile ya ODI (mechi za kimataifa za siku moja) iliondoka 2014, na kijana anatuambia watoto wake siku hizi wanacheza ova 20 tu, kila bola anapata 4 halafu anaenda kusimama baundari. Siraj kwa ile ining peke yake alibouli ova 30.

Anko alisikiza haya yote akanyamaza kidogo, akasema sawa mwanangu, lakini nipe Root na Brook wakiwa 301 kwa 3 na mimi nitaweka pesa kwao kila siku. Kijana akamwambia yeye pia angeweka.