Wakili wa Google Asiye na Mshahara

Jamani, nimechoka. Kila nikikaa na watu lazima atokee mmoja wa kuisema vibaya Google, halafu ananitazama usoni aone nitafanya nini. Wanajua sitanyamaza. Na Google yenyewe hainijui! Larry Page na Sergey Brin waliianzisha mwaka 1998, na mpaka leo hakuna hata mmoja kati yao aliyenipigia simu kuniuliza, "Bwana, ule ugomvi wa jana uliishaje?"

Lakini nifanyeje? Watu hawakumbuki tulikotoka. Hotmail ilikuwa inakupa megabaiti 2 za kuhifadhia barua pepe. Mbili! Picha moja ya simu za siku hizi inazimaliza na bado inadai nyingine. Ukitumiwa picha ya harusi, unaanza kufuta barua za ndugu ili bwana harusi apate pa kukaa, na bibi harusi asubiri zamu yake. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ikatangaza Gmail, gigabaiti nzima, bure. Watu wakacheka, wakasema huo ni utani wa Siku ya Wajinga. Wapo wanaoicheka Google hadi leo, ila kicheko chenyewe wanakituma kwa Gmail.

Na kile kitufe cha "Tendua" je? Ukishatuma barua, kinajitokeza pale chini pembeni. Ukikipanga vizuri kwenye mipangilio, kinakungoja sekunde 30 kabla barua haijaondoka kweli. Sekunde 30 ni nyingi, msizidharau. Hasira zangu dhidi ya bosi hupoa kwa sekunde 20 hivi, kwa hiyo zinabaki 10 za kutafuta miwani na kubonyeza. Ajira yangu yote imekalia hizo 10.

Sasa mwelezeni hayo shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu ni mtu wa Apple. Yeye hana simu, ana iPhone. Ukimwambia simu yako inaita, anakusahihisha kwanza ndipo apokee. Siku moja nikamkumbusha mwaka 2012, Apple ilipoiondoa ramani ya Google kwenye iPhone ikaweka ya kwake. Madaraja yakaonekana kama yameyeyuka, miji ikahamishwa bila wenyewe kujua, mpaka mkuu wao Tim Cook akaandika barua ya kuomba radhi. Kwenye barua hiyohiyo akawashauri wateja, wakati wanarekebisha mambo, watumie ramani za wengine, Google ikiwemo. Bosi mwenyewe!

Shemeji akanijibu, "Hayo ya zamani, shemeji."

Nimegundua kwamba mambo ya zamani ni yale tu ninayoshinda mimi. Steve Jobs kupanda jukwaani na iPhone ya kwanza mwaka 2007, hayo si ya zamani. Hayo ni historia.

Jirani naye ni wa Microsoft. Anafungua Edge makusudi, tena anageuza kioo cha kompyuta ili nione vizuri. Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote: mzee, mwaka 2020 Microsoft walikitoa upya hicho kivinjari kikiwa kimejengwa juu ya Chromium, mradi ulioanzishwa na Google. Kwa hiyo unaikimbia Google kwa kupanda gari lenye injini yake. Akasema yeye anapenda tu rangi za nembo. Utabishana na nini hapo?

Shemeji akiona anazidiwa, anatoa orodha ya marehemu, yaani huduma za Google zilizofungwa. Anayo kichwani, hahitaji kusoma. Google Reader, 2013. Google+, 2019. Inbox, 2019. Allo ya kuchati, ilizaliwa 2016 ikazikwa 2019, hata meno haijaota. Stadia ya michezo, Januari 2023. Anazitaja polepole, amevua kofia kabisa, halafu ananipa mkono wa pole. Namwambia, shemeji, anayejaribu mengi ndiye anayezika mengi. Nyie mnaoleta simu ileile kila mwaka na kamera imesogezwa kidogo, mtazika nini?

Basi nikadhani nimepata la kummaliza. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, nyaraka za mahakama zilionyesha kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20, ili ukitafuta kitu kwenye Safari, kivinjari cha Apple, majibu yatoke Google. Nikampelekea mbio. "Unaona? Hata hiyo iPhone yako, ukitaka kujua jambo, inakwenda kwetu!"

Akasoma. Akarudia kusoma. Akaanza kutabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda.

"Kwa hiyo," akasema, "Google inatulipa sisi."

Sisi! Mtu ambaye chaja aliazima kwangu!

"Na wewe, shemeji, unayeitetea usiku na mchana, unagombana na jirani, unakosana na wakwe, wewe inakulipa ngapi?"

Nikamwambia mapenzi hayana mkataba. Nikamwambia Gmail ni bure, ramani ni bure, tafsiri ni bure, hayo yote si malipo? Akasema na yeye anavipata hivyo vyote, bure vilevile, kwenye iPhone, tena bila kugombana na mtu.

Mke wangu alikuwa amenyamaza muda wote, anaangalia simu yake. Akainua kichwa. "Baba watoto, hizo bilioni 20, hata moja haikupita hapa?"

Nikamwambia suala hilo liko mahakamani, siruhusiwi kulizungumzia.