Mwanachama wa duka la watu

Wiki iliyopita mtoto wa shangazi yangu, aliyefika Marekani muhula huu kusoma, aliniandikia saa nne usiku: "Shikamoo kaka. Hivi hii Prime inalipa?" Nilimjibu "Marahaba, inategemea," nikalala. Asubuhi nikaona nimemjibu kivivu. Nimeishi huku miaka kumi na moja, na ada ya Prime, uanachama wa kulipia wa duka la mtandaoni la Amazon, nimeilipa, nimeiacha, nikairudia, nikaiacha tena. Ninayo ya kusema.

Nianze na hilo neno lenyewe, mwanachama. Mama yangu ni mwanachama wa kikoba. Kila wiki ananunua hisa, akikwama anakopa, akichelewa kikao anapigwa faini, na mzunguko ukivunjwa anagawana na wenzake kilichopatikana. Akisema "chama chetu" anamaanisha hivyo hasa. Nilipofika huku na kuambiwa kwa maandishi makubwa nijiunge niwe mwanachama, kichwa changu kilikwenda kwenye kikoba cha mama. Nikaingiza namba za kadi nikiwa na furaha ya mtu aliyepokelewa. Hisa sikupewa. Gawio hakuna. Kikao cha kumuuliza mweka hazina maswali nacho hakuna. Nilichonunua kilikuwa ruhusa ya kutodaiwa nauli ya mzigo kwa mwaka mmoja. Duka ni la watu, mimi ni mteja aliyelipa kiingilio mlangoni.

(Vyama vya kweli vya wanunuzi vipo hata huku. REI, ushirika wa vifaa vya kupanda milima na kulala porini ulioanza Seattle mwaka 1938, unatoza dola 30 mara moja tu maishani, na wanachama wake wanapiga kura kuchagua bodi. Mama angeuelewa bila kufafanuliwa.)

Kwa hiyo nikitafuta cha nyumbani kinachofanana na Prime, nakiona kwenye bando. Umenunua bando la wiki, imebaki siku moja, na MB bado ni nyingi. Unafanya nini? Unaangalia video za watu wasiokuhusu mpaka usiku wa manane, maana lisipotumika linaungua. Uanachama wa kununua mtandaoni unaufanyia mfuko wako hivyohivyo. Ukishalipa, kila oda unaihesabu kama kurudisha hela yako, na kila wiki isiyo na oda inakuuma kama bando linaloyeyuka. Mwaka wangu wa pili nilifungua orodha ya vitu nilivyoagiza nikaona aibu peke yangu chumbani: waya wa kuchajia simu mara nne, vibanio vya karatasi, taa ya kusomea ambayo mpaka leo iko kwenye boksi. Hakuna hata kimoja ambacho ningekilipia nauli.

Na hapo ndipo nyumbani wanapotuzidi, ingawa sisi wa huku hatupendi kukiri. Ukiagiza kitu kwa muuzaji wa kwenye simu, bei ya kitu inasimama peke yake, na nauli ya bodaboda inasimama peke yake. Mnapatana. Dereva anapiga simu: "Nimefika kwenye mwembe, nielekeze." Unatoka, unaangalia mzigo, ndipo unalipa. Nauli inakukera, na huko kukereka kuna faida: unajiuliza kama kitu chenyewe kinastahili safari, au unasubiri vifike vitatu viletwe pamoja. Huku nauli imefichwa kwenye ada uliyolipa miezi minane iliyopita na kuisahau. Kisichoonekana hakiulizwi.

Basi tuhesabu. Prime ilipoanza Februari 2005 ilikuwa dola 79 kwa mwaka. Mwaka 2014 ikawa 99, mwaka 2018 ikawa 119, na tangu 2022 ni 139. Anayelipa kwa mwezi anatoa dola 14.99, ambayo ikifika mwaka ni karibu 180, kwa hiyo asiye na 139 kwa mkupuo anatozwa arobaini zaidi kwa kosa la kutokuwa nazo. Ila watu wengi hawajui kwamba hata asiye mwanachama haletewi kwa malipo kila wakati: akifikisha dola 35 za bidhaa zinazotumwa na Amazon yenyewe, usafirishaji wa kawaida ni bure. Unachelewa siku kadhaa tu. Kwa hiyo usihesabu oda zako zote. Hesabu zile za chini ya dola 35 ambazo kweli zisingeweza kusubiri wenzake. Tuseme kila moja ingekugharimu nauli ya dola 7. Unahitaji oda kama ishirini za namna hiyo kwa mwaka ndipo ada irudi. Mimi nilipohesabu kwa haki, nilipata sita.

Utaniambia kuna filamu na muziki ndani yake. Sawa, kama ungevilipia hata bila hiyo ada, viweke kwenye hesabu. Kama huvifungui, visikupumbaze. Na tangu Januari 2024 filamu hizo zina matangazo, kuyaondoa kulianza kwa dola 2.99 zaidi kwa mwezi.

Wengine hutetea ada hii kwa sababu ya kurudisha bidhaa. Hapa lazima niipe Marekani haki yake. Mtu aliyekulia kwenye risiti zilizoandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi" akirudisha viatu mara ya kwanza bila kugombana na mtu, anashangaa kwa wiki nzima. Lakini siku zile 30 za kurudisha hazikununuliwa na ada. Asiyelipa anazo pia.

Kuna watu ambao ningewaambia lipeni bila kusita. Dada mmoja ninayemfahamu ni muuguzi wa zamu ya usiku, ana watoto wawili wa nepi, hana gari, na basi la mtaani kwao linapita kila baada ya saa nzima. Mwezi wa Januari, barabara ikiwa barafu, mzigo unaofika mlangoni kwake kesho yake una maana ambayo mimi mwenye gari sina haki ya kuipima. Mzee asiyeweza kubeba, mgonjwa, mlemavu, vivyo hivyo. Na kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali kuna bei ya dola 6.99 kwa mwezi, ambayo wengi wetu tunaikosa kwa kutouliza tu. Ule ujanja wetu wa akaunti moja kutumiwa na mashemeji katika majimbo matatu, huo umefungwa: tangu Oktoba 2025 usafirishaji wa bure unaugawana na unayeishi naye nyumba moja tu.

Halafu kuna watu wa nyumbani. Wakisikia una Prime wanadhani mzigo unafika hadi kwao bure. Ada inaishia kwenye anwani yako ya Marekani. Kutoka hapo unamlipa wakala wa mizigo kwa kilo, na si kilo za mizani tu. Mizigo ya ndege mara nyingi hupimwa kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 16 hata kama ndani kuna mito ya kulalia. Nilimtumia mjomba, ambaye ni kinyozi, mashine ya kunyolea ya kuchomeka ukutani. Niliichagua usiku, nikabonyeza, ikaja kesho yake, nikajiona mpwa bora. Umeme wa huku ni volti 120, wa kule 230. Mashine ilinguruma kama trekta, ikatoa moshi, ikanyamaza, mteja akabaki na nusu ya kichwa. Siku za kurudisha zilikuwa zimeisha mzigo ukiwa bado njiani. Kosa langu, sikusoma. Ila ningekuwa nailipia nauli ile oda, ningesubiri mpaka asubuhi, na asubuhi huwa nasoma.

Ukijiunga kwa majaribio, weka ukumbusho kwenye simu siku mbili kabla hayajaisha. Kuingia ni kubonyeza mara moja. Kutoka ni habari nyingine: mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kwa kuwaandikisha watu bila ridhaa yao na kuwazungusha wakitaka kuacha. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, ndani ya kampuni njia ya kujiondoa ilipewa jina la utenzi mmoja mrefu sana wa Kigiriki. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na kati ya hizo bilioni 1.5 ni za kurudishiwa wateja. Haikukiri kosa.

Hayo yote nilimwandikia kijana. Nikamwambia mwanafunzi anapewa miezi 6 ya bure na baada ya hapo nusu bei, kwa hiyo asiwe na haraka: aanze miezi miwili bila uanachama, kila anachokitaka akiweke kwenye kikapu, akiache humo mpaka Ijumaa, kisha ahesabu kilichobaki bado anakitaka.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Asante kaka, nimekuelewa. Mimi nilishajiunga tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nauliza ili nikuagizie wewe kitu."